Watu wa Miti: Maisha na Kazi ya Richard St. Barbe Baker (1889–1982)

Utangulizi

Ni mashirika machache mno ya kimataifa yaliyozaliwa yakiwa na jina la Kiswahili, kisha jina hilo likatafsiriwa kwa Kiingereza na kuenea duniani. Moja kati ya hayo ni Watu wa Miti, chama kilichoanzishwa mwaka 1922 huko Muguga, katika nchi ya Wagikuyu, na ambacho ulimwengu ulikuja kukifahamu kwa jina la Men of the Trees. Jina hilo haliwezi kutenganishwa na maisha ya Mwingereza mmoja, Richard Edward St. Barbe Baker, aliyekuja Kenya akiwa ofisa wa misitu wa Serikali ya kikoloni na kuondoka akiwa amekosana na wakubwa wake.

Kwa wakazi wa Karatina, Nyeri na miji mingine iliyo chini ya Mlima Kenya, habari za mtu huyu si za mbali. Maji ya Mto Ragati, mbao, kuni, na viazi vinavyorundikwa katika soko la Karatina vyote vinategemea msitu ulio juu ya vijiji vyao. Swali alilokumbana nalo Baker mwaka 1922 ni lile lile ambalo eneo hili limekuwa likiulizwa tangu siku hizo: je, msitu hulindwa na sheria na bunduki, au hulindwa na watu wanaouona kuwa wao? Maisha yake yanafaa kuchunguzwa kwa sababu yeye mwenyewe alianza na jibu la kwanza, akaishia kulihubiri la pili.

Utoto na malezi

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkuza miche aliyeuza miti ya matunda na ya mapambo, na pia mhubiri. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa kati ya kitalu na madhabahu, na mambo hayo mawili hayakumtoka hadi alipokufa. Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Baker alikunjwa mapema: alijifunza kuotesha mbegu, kupandikiza miche na kuchimba udongo kabla hajajua vyema kusoma.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, aliruhusiwa kuingia peke yake katika msitu uliokuwa jirani na nyumba yao. Alipotea njia katikati ya miti mirefu, lakini badala ya kushikwa na hofu alijawa na furaha ambayo hakuweza kuieleza. Tukio hilo aliliandika mara nyingi alipokuwa mtu mzima, akilitaja kuwa chanzo cha wito wake.

Kanada na Vita Vikuu

Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, Baker alivuka bahari kwenda Kanada. Alijipatia shamba karibu na mji wa Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan, na akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1907. Ili kujikimu alifanya kazi katika kambi ya wakata magogo karibu na Prince Albert.

Mambo mawili aliyoyaona huko yalimgeuza. Kwanza, walowezi walikuwa wakilima mbuga pana kwa majembe ya kukokotwa, wakiondoa kila kichaka kilichozuia upepo, na udongo ukaanza kupeperushwa kama vumbi. Pili, katika kambi ya magogo miti ya karne nyingi iliangushwa na sehemu kubwa ya mbao ikaachwa ioze. Kijana aliyetaka kuwa mchungaji wa roho za watu akaanza kujiuliza ni nani atakayekuwa mchungaji wa miti.

Alirudi Uingereza kusomea theolojia Cambridge, lakini mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka. Alipigana Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1918 akaondolewa jeshini kwa sababu ya afya. Vita vilipokwisha, alirejea Cambridge, safari hii kusomea elimu ya misitu. Alihitimu mwaka 1920 na kuajiriwa na Wizara ya Makoloni.

Kuja Kenya

Baker alitumwa Kenya mwishoni mwa mwaka 1920 akiwa mhifadhi msaidizi wa misitu. Mwaka huo huo ndio uliokuwa umeshuhudia nchi ikibadilishwa kutoka himaya na kufanywa koloni la Uingereza. Haiwezekani kuielewa kazi yake bila ya kuikumbuka hali ya wakati huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imeitangaza ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mashamba mengi ya Wagikuyu yalikuwa yamegawiwa walowezi. Wanaume walilazimishwa kuvaa kipande shingoni. Idara ya Misitu, ambayo ndiyo iliyomwajiri Baker, ilikuwa imezungusha mipaka kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na mtu aliyeingia kukata kuni au kutundika mzinga bila idhini alihesabiwa kuwa mhalifu.

Aidha, misitu hiyo haikuwa ikikatwa na wenyeji peke yao. Injini za reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ziliendeshwa kwa kuni kwa miaka mingi. Viwanda vya kupasua mbao vilikuwa vikiangusha mierezi, ambayo Wagikuyu huiita mitarakwa, pamoja na mithengera. Walowezi nao walifyeka maeneo mapana ili kupanda kahawa na ngano. Wagikuyu waliokuwa wamebanwa katika maeneo yao ya hifadhi hawakuwa tena na nafasi ya kuliacha shamba lipumzike, na hivyo walilazimika kulima ardhi ile ile mwaka baada ya mwaka au kusogea kwenye msitu uliosalia.

Katika maandishi yake, Baker alilaumu zaidi ukulima wa kuhamahama na ufugaji wa mbuzi kuliko alivyolaumu unyang'anyi wa ardhi. Hilo ni pengo katika mawazo yake, nalo lilikuwa pengo la maofisa wengi wa enzi hiyo. Hata hivyo, tofauti na wengi wao, aliona upesi kwamba Idara yake isingeweza kuirudisha misitu kwa amri. Fedha alizopewa zilikuwa kidogo, na askari wa misitu walikuwa wachache. Alianzisha kitalu cha miche huko Kikuyu, akahimiza wakulima wapande miche katikati ya mahindi na viazi vikuu, ili mazao yakivunwa miti ibaki.

Mpango kama huo ulikuwa ukijulikana tayari nchini kwa jina la mfumo wa shamba, ulioigwa kutoka Burma. Ulimpa mkulima chakula na kuipa Serikali miti. Lakini ulikuwa na upande wa pili: mkulima alitoa jasho lake kwa gharama ndogo, na miti ilipokomaa yeye alihamishwa bila ya haki yoyote juu ya miti aliyoilea. Mfumo huo uliendelea kuzua mabishano katika misitu ya Nyeri hata baada ya Uhuru.

Ngoma ya Miti

Baker alipowaeleza wazee wa Kikuyu haja ya kupanda miti ya msituni, alikuta wengi wao wakiamini kwamba kazi hiyo ni ya Mungu. Mwanadamu hupanda maharage na mahindi. Msitu hupandwa na Ngai, ambaye makao yake ni Kirinyaga. Mti mkubwa hudondosha mbegu, na mbegu huota yenyewe. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikuwa sahihi kwa karne nyingi, wakati ardhi ilipokuwa ya kutosha na msitu ulipopewa muda wa kujirudisha. Kilichobadilika ni hali ya nchi, wala si busara ya wazee.

Badala ya kuibeza imani hiyo, Baker aliangalia desturi za wenyeji. Aligundua kwamba Wagikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda na ngoma ya kuvuna. Kila jambo zito la jamii lilitangulizwa na ngoma. Basi akawaomba wazee wakubali iwepo ngoma ya miti. Mshirika wake mkuu katika shughuli hiyo alikuwa Chifu Josiah Njonjo, ambaye mwanawe Charles alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Habari zilipelekwa vijijini, zawadi zikaahidiwa, na tarehe 22 Julai 1922 umati ulikusanyika Muguga. Kwa masimulizi ya Baker mwenyewe, vijana wa rika la mashujaa waliohudhuria walifikia 3,000.

Kutoka katika umati huo walichaguliwa vijana 50 waliojitolea. Kila mmoja aliapa kwamba atailinda misitu ya asili, atapanda miche kumi kila mwaka, na ataitunza miti popote atakapoikuta. Aidha, waliahidi kutenda jambo moja jema kila siku, sharti linalofanana na lile la maskauti. Wakapewa jina la Watu wa Miti. Neno lao la kutambuana lilikuwa la Kikuyu, twahamwe, lenye maana ya kuwa pamoja na kuvuta kamba kwa nguvu moja. Kwa hiyo chama kilizaliwa kikiwa na jina la Kiswahili na kaulimbiu ya Kikuyu. Kiswahili ndicho kilichokuwa kiungo kati ya ofisa Mzungu na vijana wa Kiafrika, na Kikuyu ndicho kilichobeba kiapo.

Msomaji wa historia hawezi kuipita tarehe hiyo bila ya kutazama nyuma. Miezi minne kabla ya ngoma ya Muguga, Harry Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Tarehe 16 Machi 1922, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi ukitaka aachiliwe ulipigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo vya watu 21, na wengine waliamini kuwa waliouawa walikuwa wengi zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatia shime wanaume waliokuwa wakisitasita, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hivyo basi, ngoma ya kuafikiana ilichezwa katika nchi iliyokuwa bado na makaburi mabichi. Machifu waliomuunga mkono Baker walikuwa ni watumishi wa Serikali ile ile iliyofyatua risasi. Jambo hili haliifuti thamani ya kiapo cha vijana 50, bali linaonyesha kuwa hata kazi njema ya kupanda mti haikuwa nje ya siasa za ardhi.

Kuondoka Kenya

Baker aliishi karibu na wenyeji kuliko ilivyopendeza wakubwa wake. Alijifunza desturi zao na, kwa masimulizi yake, akapokewa katika kiama, yaani baraza la wazee. Uhusiano wake na wakubwa uliharibika zaidi siku ofisa mmoja alipoinua mkono kumpiga mfanyakazi Mwafrika. Baker alijitia katikati, na pigo likamwangukia yeye. Katika koloni ambamo kumpiga Mwafrika kulihesabiwa kuwa jambo la kawaida, aliyeonekana kuwa na kosa ni yule aliyezuia. Kazi yake Kenya haikuendelea sana baada ya hapo.

Kufikia mwaka 1924 alikuwa London. Mwaka huo alizungumza katika mkutano mkubwa juu ya dini zilizokuwa zikifuatwa ndani ya Dola ya Uingereza, akieleza imani za Wagikuyu mbele ya hadhira iliyozoea kuzisikia zikiitwa ushenzi. Hotuba hiyo ndiyo iliyomkutanisha na wafuasi wa dini ya Kibahai, akajiunga nao na kubaki katika imani hiyo maisha yake yote. Mwaka huo huo tawi la Watu wa Miti likaanzishwa Uingereza, na jina likatafsiriwa kuwa Men of the Trees.

Baadaye alipelekwa Nigeria, alikotumikia misitu ya mikangazi katika eneo la Benin. Huko pia hakudumu. Mwaka 1929 alikuwa ameiacha kabisa kazi ya Serikali. Tangu hapo hakuwa na mshahara wa kudumu. Aliishi kwa kuandika vitabu, kutoa mihadhara na kutegemea ukarimu wa marafiki.

Safari za ulimwengu

Mwaka 1929 alikwenda Palestina, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, akajaribu kuwaketisha pamoja viongozi wa Kiislamu, Kiyahudi na Kikristo kwa ajili ya kupanda miti kwenye vilima vilivyokuwa uchi. Mambo ya siasa yaliwagawa, lakini suala la mti liliwakutanisha kwa muda. Katika miaka ya 1930 alijitosa katika harakati za kuiokoa misitu ya kale ya California, yenye miti mirefu kuliko yote duniani, ambayo baadhi yake ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Alizunguka Marekani akihutubia vilabu, shule na makanisa.

Kati ya mwaka 1952 na 1953 aliongoza msafara wa kisayansi ulioikata Sahara na kusafiri kilomita zipatazo 14,500. Lengo lilikuwa kuchunguza jinsi jangwa linavyosonga na kuona kama linaweza kuzuiwa kwa ukanda wa miti. Wakati huo wengi waliliona wazo hilo kuwa ndoto ya mzee. Hata hivyo, mwaka 1977 Umoja wa Mataifa uliitisha jijini Nairobi mkutano wa dunia juu ya kuenea kwa jangwa, na mwaka 2007 Umoja wa Afrika uliupitisha mpango wa Ukuta Mkuu wa Kijani unaokusudia kuvuka bara kutoka Senegali hadi Jibuti. Mpango huo haukuwa nakala ya fikra za Baker, kwani umelenga zaidi kurudisha rutuba ya ardhi kuliko kupanga miti mstari mmoja. Lakini swali aliloliuliza mapema lilikuwa limekuwa la bara zima.

Kenya haikumtoka moyoni. Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo vyombo vingi vya habari vya Uingereza viliwasawiri Wagikuyu kama wanyama wa mwitu, Baker alichapisha Kabongo, kitabu kinachosimulia maisha ya mzee wa Kikuyu kwa heshima na huruma. Kitabu hicho kina mapungufu ya Mzungu anayesimulia kwa niaba ya Mwafrika. Hata hivyo, kukichapisha wakati ule kulihitaji ujasiri.

Miaka ya mwisho

Ndoa yake ya kwanza, iliyofungwa mwaka 1946 na kumpa watoto wawili, ilivunjika mwaka 1953. Safari zisizokwisha hazikuwa malezi mema ya nyumba. Mwaka 1959 alioa tena na kuhamia New Zealand. Mwaka 1963, akiwa amepita umri wa miaka sabini, alipanda farasi na kusafiri nchini humo akizungumza na wanafunzi wa shule juu ya miti. Mwaka 1970 alichapisha tawasifu yake, My Life, My Trees.

Heshima zilimjia akiwa mkongwe. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1971, na mwaka 1978 Uingereza, ambayo Serikali yake ya kikoloni iliwahi kumwona kuwa mkorofi, ikampa nishani ya OBE. Mwaka 1979 mji wa Saskatoon ulilipa jina lake eneo la miti la hekta 132 lililopandwa pembezoni mwa mji na kutengwa kuwa la umma. Kwa njia hiyo, mtu aliyewahi kuona mbuga za Saskatchewan zikipeperushwa na upepo akapata ukumbusho wa miti pale pale alipoanzia.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 92, Baker alirudi Saskatoon. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti katika uwanja wa chuo kikuu alikosomea ujanani. Siku nne baadaye, tarehe 9 Juni, aliaga dunia na kuzikwa mjini humo.

Tathmini ya kazi yake

Sifa nyingi alizomiminiwa Baker zinahitaji kupimwa. Baadhi ya maandishi hudai kuwa vyama alivyovianzisha na kuvisaidia vilipanda miti trilioni 26. Dai hilo haliwezi kuwa kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa dunia nzima ina miti trilioni tatu hivi. Kuvumisha hesabu kama hizo si kumheshimu marehemu. Vilevile, mengi yanayosimuliwa juu ya siku ya Muguga yametoka katika kalamu yake peke yake. Historia imetunza jina la Chifu Njonjo, lakini vijana 50 walioapa hawatajwi katika masimulizi yanayozunguka dunia. Wao ndio waliokuwa Watu wa Miti, na wao ndio waliosahaulika.

Mchango wake wa kudumu haumo katika hesabu ya miche. Umo katika fikra aliyoifikia, ambayo imejificha katika jina la chama chenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anafahamu kuwa a-unganifu hufuata ngeli ya nomino inayotangulia, na kwamba nomino inayofuata ndiyo mwenye kumiliki. Tukisema miti ya watu, watu ndio wenye miti. Sheria ya kikoloni ilikwenda mbali zaidi, ikasema miti ya Serikali. Jina la Watu wa Miti limeupindua mpangilio huo: miti ndiyo yenye watu. Mwanadamu amewekwa mahali pa kumilikiwa, na wajibu umetangulia haki. Ni vigumu kujua kama Baker aliitambua siri hiyo ya sarufi, lakini maisha yake yalikuwa ufafanuzi wake.

Tafsiri ya Kiingereza nayo ilipoteza kitu. Watu si wanaume. Neno la Kiswahili halina jinsia. Linambeba mwanamke, mwanamume, mzee na mtoto. Walipolitafsiri kuwa Men, walilipunguza likawa la upande mmoja. Lakini upungufu huo haukuanzia katika tafsiri. Ulikuwepo Muguga, kwani walioapa walikuwa vijana wa kiume, ilhali waliolima mashamba, waliochota maji na waliobeba kuni mgongoni walikuwa mama na dada zao. Katika miaka ya 1990 tawi la Uingereza liliacha jina la Men of the Trees na kuitwa International Tree Foundation, na limeendelea kushirikiana na vikundi vya jamii nchini Kenya. Jina jipya liliondoa upendeleo wa kijinsia. Kwa bahati mbaya, liliondoa pia athari ya mwisho ya Kiswahili.

Aliyelijaza neno watu maana yake kamili hakuwa Baker. Alikuwa binti wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kukua akifunzwa na mama yake kwamba mugumo haukatwi kuni kwa sababu ni mti wa Mungu. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, na hapo likaanza Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Tofauti na Baker, hakuwaendea vijana mashujaa kupitia kwa machifu. Aliwaendea wanawake wa vijijini, wale wale walioachwa nje ya kiapo cha mwaka 1922, akawafundisha kuotesha mbegu katika mikebe na vyungu vilivyovunjika, na wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Isitoshe, alilisema wazi lile ambalo Baker alilizungukazunguka: kwamba uharibifu wa msitu ni suala la ardhi na la utawala. Mwaka 1989 alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, alikuwa akitetea hoja moja, kwamba ardhi ya umma si ya wakubwa.

Hitimisho

Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, sehemu ya juu ikawa mbuga ya taifa mwaka 1949, na mwaka 1997 mlima ukaorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Pamoja na ulinzi wote huo, uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 1999 ulionyesha kuwa miti ya asili ilikuwa ikiangushwa kwa wingi, mashamba ya bangi yamefichwa msituni, na tanuri za makaa zikifuka moshi. Sheria zilikuwepo, watu wa miti hawakuwepo. Ndipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikatoa nafasi kwa vyama vya jamii zinazopakana na misitu kushiriki katika usimamizi wake, nafasi iliyoendelezwa na sheria ya mwaka 2016. Fikra ya kwamba askari peke yake hawezi kuulinda msitu ilichukua zaidi ya miaka 80 kutoka katika uwanja wa ngoma wa Muguga hadi kwenye kitabu cha sheria za Kenya.

Richard St. Barbe Baker alikuwa mtumishi wa ukoloni aliyezidiwa na dhamiri yake. Hakuiona dhuluma yote iliyomzunguka, na aliyoyasimulia hayakosi chumvi. Lakini alijua kusikiliza, na alipokataliwa na wazee hakuwaita wajinga, bali aliomba ngoma. Wagikuyu walimpa kiapo, Kiswahili kikampa jina, naye akavipeleka duniani kwa muda wa miaka sitini. Deni lililobaki ni la wenye lugha na wenye mlima: kulirudisha jina hilo nyumbani, na kulistahili.